Mbio za Maiyoro Zilikuwa za Nani?

Wanafunzi wenzangu, kuna watu husema siasa ikae kando na michezo. Mimi nakataa! Hebu tutazame mwaka wa 1954, Kenya ikiwa koloni la Mwingereza chini ya hali ya hatari. Mwezi wa Aprili askari walizingira Nairobi, wakakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwatia kambini. Miezi michache baadaye Nyantika Maiyoro, Mkisii wetu, alikuwa Vancouver, Kanada, akawa wa 4 katika mbio za maili 3. Serikali ileile iliyofunga Waafrika ilitaka Mwafrika aipatie sifa! Kwa maoni yangu, jina lilikuwa la koloni lakini miguu ilikuwa yetu. Walimu wa historia, mkitufundisha kambi za 1954, tafadhali mtajeni Maiyoro pia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.