Kilichotushtua ni kimya

Ndugu mwandishi, umeandika kana kwamba kila aliyesikia sidii mara ya kwanza alipigwa na butwaa kwa utamu wake. Huku Likoni, Mombasa, sivyo. Sony ilianza kuuza mashine yake ya sidii Japani Oktoba 1982. Kwetu zilichelewa sana, nyingine zikibebwa na jamaa waliotoka kazini Uarabuni. Kilichotushtua ni kimya. Masikio yalishazoea ule mvumo wa kaseti kabla ya udi kuanza. Kwenye sidii hakuna kitu, mara wimbo huo! Wazee wengine walisema sauti imekauka. Siwaungi mkono: isikilize kwa sidii albamu Mtindo wa Mombasa ya mpiga udi Zein l'Abdin na kundi lake, iliyotolewa na GlobeStyle ya London mwaka 1990, nyuzi za udi utazisikia moja moja.

Lakini kaseti haikuachwa upesi, na sababu haikuwa ushamba. Kwenye matatu sidii iliruka kila shimo, maana leza hupotea njia. Tena taarabu ya harusini ilirekodiwa usiku kwa kaseti, kesho yake mtaa mzima una nakala. Sidii za mwanzo zilikuwa za kusikiliza tu, kurekodi haziwezi.