Bima ya Bodaboda Inamlinda Nani?

Askari wa trafiki akimsimamisha bodaboda Dar es Salaam, ataulizia leseni na bima. Dereva ambaye bima yake bado hai huruhusiwa kuendelea na safari, naye huondoka akiamini amekingwa. Kwa faini, kweli amekingwa. Akiteleza kwenye mchanga akavunjika mguu, bima hiyo haimlipi hata senti.

Ndivyo ilivyoundwa. Sheria tuliyorithi kwa mkoloni inamtaka mwenye chombo akate angalau bima ndogo, inayofidia madhara wanayopata watu wengine: mtembea kwa miguu aliyegongwa na, kwa pikipiki ya biashara, abiria aliyepakiwa. Bima kubwa inaongeza pikipiki yenyewe, iwe imeibwa, imeungua au imegongwa. Mwili wa aliyeshika usukani hauingii mpaka ikatwe bima ya ajali binafsi. Hata ulinzi huo wa wengine una masharti. Pikipiki iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi ikibeba abiria wa kulipa, au dereva akipiga mishikaki kwa kupakia zaidi ya abiria mmoja, kampuni imeshapata pa kuanzia ubishi. Na wale wanaopenda kumalizana palepale barabarani wajue kwamba bila taarifa ya polisi, madai hayasogei.

Wapo wasemao anayetaka kujilinda ajikatie mwenyewe. Kwa mwenye pikipiki yake, sina la kubishana. Lakini vijana wengi vijiweni wako kwenye mkataba: pikipiki ni ya bosi, dereva anampelekea hesabu ya kila siku mpaka deni liishe ndipo iwe yake. Bosi anakata bima ndogo kwa sababu ndiyo rahisi. Aliyenunua kwa mkopo huenda akadaiwa bima kubwa, kwa kuwa mkopeshaji anailinda mali yake. Dereva akilazwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, hesabu inasimama, pikipiki inapewa mwingine, na miezi yote aliyokwisha kulipa inaweza kupotea hivyohivyo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni wa walioajiriwa, naye hana mwajiri. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inahusu matibabu. Kodi ya chumba na chakula cha watoto si kazi yake.

India, zinakotoka pikipiki zetu za Boxer na TVS, mwaka 2018 ilipandisha kinga ya lazima ya ajali binafsi hadi rupia milioni 1.5, kwa malipo ya rupia 750 kwa mwaka. Inavutia, ila ina tundu: inamhusu mmiliki anayeendesha chombo chake mwenyewe. Tukiinakili ilivyo, itamkinga bosi ambaye pengine hajawahi hata kuipanda pikipiki hiyo, na kijana wa mkataba atabaki nje vilevile. Kwetu kinga ingepaswa kufuata chombo, imhusu yeyote anayekiendesha kwa ridhaa ya mmiliki akiwa na leseni halali.

Pingamizi zito ni bei. Bima ikipanda, wengi wataacha kuikata kabisa, na atakayeumia zaidi ni yule mtembea kwa miguu. Naikubali hofu hiyo, kuliko ile ya kwamba dereva aliyekingwa ataendesha ovyo. Sijui nani avunje paja lake kwa kufuata fidia. Ila kinachomshinda bodaboda mara nyingi ni kutoa fedha ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mtu huyuhuyu analipa hesabu kila siku, tena nyingi hupita kwenye simu. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ingeweza kuzitaka kampuni zipokee malipo ya kinga hii kidogokidogo, yakatwe ndani ya hesabu, na mkataba wa pikipiki utaje wazi ni nani anayekata bima gani. Bosi akilalamika kwamba sehemu yake imepungua, aulizwe hesabu hiyo huletwa na nani.