Kompyuta ya Kikundi: Tusome Namba Kabla ya Kutoa Fedha

Mwezi huu tunaitazama kompyuta, na hasa kile kidude kidogo kilichomo ndani yake kiitwacho prosesa. Pengine utasema, "Hayo ni mambo ya vijana." La hasha! Hapa Tukuyu, na huko Kiwira, Ushirika na Katumba, akina mama wanafikiria kufungua steshenari: kuchapa barua, kutoa nakala, kujaza maombi ya ajira na ya mkopo wa elimu ya juu, kumtafutia mtoto matokeo ya mtihani. Wengine wanataka kompyuta ya kuwekea hesabu za maziwa, chai na maparachichi.

Fedha yenyewe mara nyingi ni ya kuchanga, au ni mkopo usio na riba utokao katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo wanawake wametengewa asilimia 4. Mkopo huo hurudishwa hata kama mashine imekufa. Mmoja akichagua vibaya dukani, wanaolipa ni wanakikundi wote. Ndiyo maana tunaomba tusome pamoja.

Mpishi, meza na stoo

Tuifananishe kompyuta na jiko letu. Prosesa ni mpishi. RAM ni meza ya kuandalia: ikiwa kubwa, vyungu vingi hukaa juu yake kwa pamoja. Diski ni stoo ya kuhifadhia unga na mchele. Mpishi awe hodari namna gani, akiwa na meza ndogo na stoo iliyo ng'ambo ya mto, chakula kitachelewa tu.

Wanunuzi wengi huuliza habari za mpishi peke yake. Mashine nyingi tunazoziita "nzito" zina mpishi mzuri, ila stoo yake ni diski ya zamani inayozunguka. Ukiitoa na kuweka diski ya SSD, mashine ileile huwaka upesi na kufungua kazi bila kukuchosha. Kwa steshenari, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256 vinatosha. Kuchapa barua na kujaza fomu hakuhitaji mpishi wa hoteli kubwa.

Stika haisemi yote

Kwenye laptopu nyingi kuna stika ndogo iliyoandikwa i3, i5 au i7. Muuzaji atakuambia kwa fahari, "Mama, hii ni i7!" Usitoe fedha bado. Herufi hiyo inaonyesha daraja tu, haionyeshi umri. Umri umo katika namba inayofuata. Prosesa iitwayo i5-6300U ni ya kizazi cha 6. Ile ya i5-8350U ni ya kizazi cha 8. Namba ikiwa na tarakimu tano, kama i5-10210U, soma mbili za mwanzo: ni kizazi cha 10. Na i5-1135G7, ingawa ina tarakimu nne, ni ya kizazi cha 11.

Tazama jinsi umri unavyoweza kulishinda daraja. Prosesa ya i7-7500U ina viini viwili tu, yaani wapishi wawili. Ndogo yake kwa daraja, i5-8250U, iliyotoka mwaka 2017, ina viini vinne. Aliyenunua kwa kufuata stika alilipia jina.

Mambo mengine mawili. Kwanza, AMD nao hutengeneza prosesa nzuri ziitwazo Ryzen, tangu mwaka 2017. Usizikatae kwa sababu hujazizoea. Pili, Intel walianza kubadilisha majina Desemba 2023, wakaleta Core Ultra isiyo na ile herufi i. Hizo ni mpya na bei yake ni kubwa, steshenari haizihitaji.

Jihadhari pia na laptopu mpya za bei ndogo. Utaikuta imo katika boksi lake inang'aa, lakini ndani ni Celeron N4020 yenye viini viwili, RAM ya GB 4 iliyounganishwa moja kwa moja kwenye bodi, na nafasi ya GB 64. Meza hiyo haiongezeki kamwe. Mtumba mzuri wa ofisini unaweza kuwafaa zaidi.

Mbona za mtumba zimeshuka bei?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wake wa kawaida. Windows 11 inazikubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache za kabla yake, na nyingi za Ryzen kuanzia zile za 2000, ingawa si zote. Mashine za kizazi cha 6 na cha 7 bado zinawaka vizuri, lakini ofisi za nje zina sababu ya kuziondoa, nazo huishia katika masoko ya mitumba kama Kariakoo. Basi urahisi huo una sababu yake.

Wapo mafundi wanaoipachika Windows 11 kwa ujanja katika mashine ya zamani. Itawaka, lakini Microsoft haiahidi kuipelekea mashine hiyo marekebisho ya usalama. Kumbuka kwamba katika steshenari wateja huacha namba zao za NIDA na maneno yao ya siri. Ukifungua milango kwa wezi, wanaoibiwa ni majirani zako.

Tusubiri bei ishuke?

Mwaka 1965, mwaka uleule ambao kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha ya nchi yetu, mhandisi Gordon Moore wa Marekani aliona kwamba vipande viwekwavyo katika kidude kimoja vinaongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 alirekebisha, akasema kila miaka miwili. Ndiyo sababu mashine ya Pentium iliyokuwa fahari mwaka 1993 leo hata bure haitakiwi. Toleo jipya likija, la zamani hushuka.

Lakini bei haishuki daima. Kompyuta hununuliwa nje kwa dola. Katikati ya mwaka 2024 dola moja ilizidi shilingi 2,600. Kufika Desemba mwaka huohuo ilikuwa imeshuka chini ya 2,500. Tena mwishoni mwa mwaka 2025 RAM zilipanda bei duniani, kwa kuwa makampuni yanayojenga vituo vikubwa vya akili bandia yalizinunua kwa wingi. Aliyesubiri RAM ishuke alikuta imepanda. Shauri letu: kama kazi ipo na wateja wapo, nunua inayotosha sasa. Kama kazi haipo, usinunue hata kama bei ni nzuri.

Kabla ya kutoa fedha

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika dxdiag, kisha bonyeza Enter. Utaona jina la prosesa na kiasi cha RAM. Andika katika daftari la kikundi.
2. Chomoa chaja, uitumie mashine kwa nusu saa. Umeme wetu hukatika, nayo betri ndiyo itakayookoa barua ya mteja.
3. Jaribu kila herufi, kamera, sauti na matundu ya USB.
4. Omba risiti, na dhamana iliyoandikwa. Mbeya ni kilometa zipatazo 70. Dar es Salaam ni mbali zaidi. Nauli ya kurudisha mashine mbovu inaweza kumaliza nafuu yote ya bei.
5. Nendeni wawili, msiende mmoja. Fedha ni ya wote, na macho yawe ya wote.

Ukifika nayo nyumbani, usiiweke sakafuni wala kuisogeza kwenye ukuta wenye unyevu; mvua za Rungwe unazijua. Radi zikianza, chomoa waya.

Na mwenye mashine ya zamani asiitupe. Iongezee SSD, iache bila intaneti, itumie kwa kuchapia na kwa mahesabu. Au mwombe fundi akuwekee Linux, isiyolipiwa. Mpishi mzee bado anajua kupika, mradi asipewe kazi ya harusi.

Mama, usione haya kuuliza namba dukani. Muuzaji mwema atakuonyesha kwa furaha. Anayekasirika ukiuliza, muage kwa heshima, uende duka la pili. Hadi mwezi ujao, kwaheri.