Mambo ya Shamba: Viazi Vinaponyauka



Mwezi huu twataka kunena habari za viazi vya kizungu. Mvua ikifululiza pamoja na baridi, mtu huamka akaliona shamba lake limekuwa jeusi kana kwamba limepitiwa na moto, na neno la kwanza kinywani mwake ni, "Jirani amenionea kijicho." Urafiki wa miaka mingi hufa siku hiyo moja. Kwa hiyo imetupasa kumjua adui aliyeingia, tusije tukamhukumu asiye na kosa.

Adui wa kwanza ni ukungu. Majani hutokwa na mabaka meusi kama yaliyolowa maji, na asubuhi yenye umande, ukiligeuza jani, waona weupe kama unga kandokando ya baka. Humo ndimo zilimo mbegu zake, na upepo huzichukua hata shamba la pili. Nyanya nazo hushikwa.

Ukungu huu uliingia nchi ya Ireland mwaka 1845. Maskini wengi wa huko walitegemea viazi tu, tena karibu vyote vya namna moja. Hata njaa ile ilipokoma mwaka 1852, watu wapata milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine kama hao wameihama nchi. Wako waliosema ni hewa mbaya, wako waliosema ni ghadhabu ya Mungu. Lakini kasisi mmoja wa Uingereza, M. J. Berkeley, aliyachunguza majani, na mwaka 1846 akaandika kwamba ukungu ndio chanzo. Wengi hawakumsadiki, mpaka Mjerumani Anton de Bary alipothibitisha baadaye. Basi kuichunguza kazi ya Muumba si kupungukiwa imani.

Ukungu una dawa. Ya zamani ni mrututu uliochanganywa na chokaa na maji. Siku hizi ziko na nyingine, na bwana shamba atakuelekeza. Lakini dawa hunyunyizwa kabla majani hayajaharibika, maana jani lililokwisha kufa halifufuki.

Adui wa pili ni bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mche hunyauka mchana majani yakiwa bado mabichi, jioni huinuka kidogo, na mwisho hauinuki tena. Kata kipande cha shina, uning'inize ncha yake katika bilauri ya maji safi, wala usitikise. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, umemjua. Na ukikipasua kiazi chake, huenda ukaona duara ya rangi ya kahawia itokayo utomvu kama usaha.

Huyu hana dawa. Hukaa udongoni, hufuata maji, jembe na viatu, na zaidi ya yote husafiri ndani ya mbegu. Ng'oa mche pamoja na udongo wake, ukautupe mbali na shamba na mifereji. Kisha panda mahindi au ngano misimu kadhaa, uking'oa kila kiazi kinachojiotea. Usipande nyanya, biringani, pilipili wala tumbaku, kwa kuwa ni jamaa za kiazi na maradhi ni yao pia.

Sasa twasema neno zito. Kiazi chenye bakteria chaweza kuonekana kizima kabisa. Basi auzaye kuwa mbegu viazi vya shamba lililonyauka, hali anajua, amemwuzia ndugu yake njaa, naye hatatambua mpaka jasho lake limekwisha kumwagika. Afadhali kula hasara moja kuliko kuigawa kijiji kizima.

Walimu, lifanyeni jaribio la bilauri mbele ya watoto, wakawaonyeshe wazazi wao. Na aliyemshitaki jirani kwa ajili ya viazi, aende akapatane naye kabla ya Jumapili. Kisha wachukue jembe, wakayatazame mashamba yao pamoja.