Kisangani Haikuingoja Kinshasa. Kapsoit Tunamngoja Nani?

Wewe mwenye miaka ishirini na kitu, unayechora, unayerap, unayeandika mashairi kwenye simu halafu unayafuta kabla mtu hajayaona, najua ushaambiwa: nenda Nairobi. Ukiwa hapa Kapsoit utaambiwa na kila mtu. Kondakta atakuambia. Mjomba atakuambia. Hata mama anayechoma mahindi kando ya barabara ya Kisumu anajua kwamba msanii ni mtu anayepanda gari na harudi mpaka awe kwenye runinga. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, nikarudi nyumbani, na tangu nirudi naangaliwa kama mzigo ulioshushwa steji isiyo yake.

Leo nataka kubishana na ushauri huo, na shahidi wangu ni mji ambao huenda hujawahi kuufikiria hata siku moja: Kisangani.

Fungua ramani. Kisangani iko kaskazini-mashariki mwa Kongo, pale Mto Kongo unapomalizana na Maporomoko ya Boyoma na kuanza kupitika kwa meli hadi Kinshasa. Hizo ni kama kilomita 1,700 za maji. Barabara ya kutegemea haipo. Mwenye pesa anaruka kwa ndege, asiye nazo anajibana kwenye boti la mizigo na kuhesabu majuma. Darasani na ofisini ni Kifaransa, mtaani ni Kilingala na Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili. Kilifika huko na misafara ya pembe na watumwa ya kina Tippu Tip, yule Mzanzibari aliyefanywa gavana wa eneo hilo mwaka 1887, kwa hivyo historia yenyewe si tamu. Lakini leo unaweza kushuka pale ukabishana bei ya samaki kwa lugha hii hii unayosoma, ingawa nadhani watakucheka kidogo.

Sikudanganyi kwamba ni kijiji. Watu wake wanapita milioni moja. Ila ukiuweka kando ya Kinshasa ni mji wa pembeni, vile Kapsoit ilivyo pembeni ya Kericho, na Kericho ilivyo pembeni ya Nairobi. Na umepigwa kuliko sisi. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda, nchi mbili ambazo wala si Kongo, yalipigana ndani ya mji huo kwa siku sita. Makombora yaliangukia nyumba za watu ambao hawakuwa na ugomvi na yeyote. Ukitaka mji wenye sababu ya kila kijana kukimbia na asigeuke nyuma, ndio huo.

Sasa msikilize Faustin Linyekula. Alizaliwa 1974, akakulia Kisangani. Vyuo vilipofungwa enzi za Mobutu, akaondoka mwaka 1993. Unajua alikimbilia wapi? Nairobi. Huyo naye aliambiwa aende Nairobi, bwana! Na hakukaa bure: mwaka 1997, pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen, alianzisha Gàara, kundi la kwanza la densi ya kisasa hapa Kenya. Kwa hivyo sehemu ya historia ya densi yetu ina jasho la kijana wa Kisangani, na hakuna aliyewahi kutuambia hilo shuleni.

Angeweza kuishia huko nje. Ulaya ilikuwa ishamfungulia milango. Badala yake, mwaka 2001 alirudi Kongo akaanzisha Studios Kabako mjini Kinshasa, na miaka michache baadaye akafanya jambo ambalo wajomba wetu wangeliita wazimu: akaihamishia Kisangani. Densi, maigizo, muziki, video, vijana wa mtaa wakifunzwa na kufanya kazi hapo hapo. Mwaka 2007 alipewa tuzo kuu ya Prince Claus ya Uholanzi. Mwaka 2019 alikuwa msanii mshirika wa tamasha la Holland Festival, pamoja na William Kentridge wa Afrika Kusini. Anuani yake ikabaki Kisangani.

Huyo ni mmoja. Mwingine ni Dieudo Hamadi, mzaliwa wa mji huo huo, mtu aliyeanza na masomo ya udaktari kabla kamera haijamteka. Ukitazama filamu yake moja tu maishani, tazama *Examen d'État* ya 2014. Ni wanafunzi wa sekondari Kisangani, mwaka wa mwisho, wanaofukuzwa darasani kwa kukosa pesa za walimu. Wanafanya nini? Wanajikusanya kwenye nyumba moja, wanalala sakafuni, wanasomeshana wenyewe kusubiri mtihani wa taifa. Wengine wanatafuta njia za mkato, na Hamadi hafichi. Mimi niliyekaa nje ya chumba cha mtihani kwa sababu ya karo niliitazama kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na kwa mara ya kwanza niliona shida yangu ikichukuliwa kama kitu kinachostahili filamu.

Halafu kuna ile ya 2020, *En route pour le milliard*. Waathiriwa wa ile vita ya siku sita, wengi wao wamekatwa viungo, wanapanda boti na kuteremka mto hadi Kinshasa kudai fidia yao. Mvua inawanyeshea, turubai linavuja, wanagombana, wanaimba. Filamu hiyo ilichaguliwa kwenye orodha rasmi ya Cannes, ya kwanza kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kufika hapo. Mahakama ya Kimataifa ya Haki nayo, Februari 2022, iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita ile iliyoendesha nchini humo kwa miaka kadhaa. Sisemi filamu ndiyo iliyoshinda kesi. Kesi ilikuwa mahakamani tangu 1999. Nasema hivi: mtu wa Nairobi au wa Paris hangeitengeneza filamu ile. Angekuja wiki mbili, apige picha za mito na mikongojo, arudi. Hamadi alijua watu hao wanataniana vipi.

Hapo ndipo ushauri wa "nenda Nairobi" unapovuja. Ukienda na kipaji chako unaacha nyuma kile unachokijua peke yako. Unafika Githurai, unalipa kodi ya nyumba, unaanza kuandika kuhusu Githurai, mada ambayo watoto wa Githurai wanaiandika vizuri kukuliko.

Najua utakachosema. Utasema Kabako inakula pesa za Wazungu, na sisi hatuna balozi wa kutufadhili. Kweli. Ufadhili wa Ulaya ndio uliobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, na siku wafadhili wakichoka, kitu kama hicho kinaweza kuyumba. Hoja hiyo nairuhusu ipite bila kuipinga. Lakini angalia kilichotangulia pesa. Kilichotangulia ni mtu mmoja kukubali kuwa mahali pamoja, wiki baada ya wiki, mpaka vijana wazoee kwamba mlango huo uko wazi. Hilo halihitaji yuro.

Na usiniambie kaunti haina pesa. Uwanja wa Kericho Green ulikarabatiwa kwa ajili ya Sikukuu ya Mashujaa, 20 Oktoba 2023, rais akaja, ndege zikapita juu, tukapiga makofi. Sina ubaya na uwanja, mpira wenyewe naupenda. Ila nionyeshe ukumbi mdogo wa viti mia moja, Kapsoit au hata Kericho mjini, ambamo msichana wa Ainamoi anaweza kuigiza mchezo wake Jumamosi bila kuomba barua kwa watu sita.

Mwaka huo huo, mwezi Mei, mashine za kuchuma chai zilichomwa moto hapa Kericho kwenye maandamano. Watu walisema zinawamalizia kazi. Siungi mkono moto. Lakini hasira ile ilitoka mahali tunapopajua wote: babu alichuma, mama alichuma, na sasa mashine inachuma. Tunaambiwa tujiajiri. Kwenye nini, hakuna anayesema, na ukitaja muziki au filamu unaonekana mvivu anayetafuta jina zuri la uvivu wake.

Ajabu ni kwamba hii nchi ya chai ilishawahi kutoa sauti iliyozunguka dunia. Mwaka 1950, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alifika Kapkatet, huku huku kwetu upande wa Bureti, na mashine yake ya kurekodi. Wasichana wa Kipsigis walimwimbia wimbo unaoitwa "Chemirocha", chepkong ikichezwa nyuma. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933. Sahani zake za santuri zilifika huku, watu wakasikia sauti isiyo na mwili ikitoka kwenye sanduku, na wasichana wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu paa, wakamwalika acheze. Nani leo ana wazo la kijinga na zuri namna hiyo? Walichukua santuri ya Mmarekani na badala ya kumwiga wakamgeuza mnyama wa porini kwao.

Wimbo huo ulienda wapi? Ukahifadhiwa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki wa Kiafrika ambayo Tracey aliianzisha 1954. Wapenzi wa muziki ng'ambo wakaujua, wakaupenda, wakauandikia makala. Ilipita zaidi ya miaka 60 kabla ya maktaba hiyo na Ketebul Music ya Nairobi kuleta nakala kwa wenyewe. Nashukuru walileta. Lakini jaribu kuuliza pale steji leo, Chemirocha ni nini. Mimi nimeuliza. Mmoja aliniambia ni dawa ya ng'ombe.

Kwa hivyo ninapotaja Kisangani, tuzo si hoja yangu. Hoja yangu ni nani anashika kumbukumbu. Wasichana wa Kapkatet hawakukosa kipaji wala wazo. Walikosa mahali pa nyumbani pa kuiweka kazi yao, ikawekwa na mgeni. Vita ya Kisangani ingeweza kuwa hivyo pia, sanduku kwenye ofisi ya mbali, kama si vijana wa mji huo kubaki au kurudi na vifaa vyao.

Nisikufunge. Kama una kazi ya uhakika Nairobi, nenda, kula, rudi na maikrofoni nzuri. Linyekula mwenyewe aliondoka miaka mingi. Ninayemkataza ni yule anayesubiri, aliyebaki hapa mwili tu, kila siku akiahirisha kitabu chake mpaka nauli ipatikane.

Nyuma ya kisiagi kimoja hapa Kapsoit kuna chumba kilichokuwa stoo ya mahindi. Nimeongea na mwenyewe. Anataka mia tano kwa jioni moja, vumbi tufagie wenyewe, na kelele ziishe saa tatu usiku. Spika nimeahidiwa na kijana wa kanisa, viti ni kreti za soda. Tunaanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na ya pili, na ya tatu, hata tukiwa watu wanne. Ukiwa na ngoma mpya, filamu ya dakika tano au shairi ambalo hujalifuta bado, njoo nalo. Na kama kogo wako anakumbuka nyimbo za zamani na hana aibu ya kurekodiwa, mlete yeye kwanza. Nauli ya boda yake nitalipa mimi.