Shaba Motoni

Wako wasemao, msomaji, kwamba elimu ya chembe zisizoonekana kwa macho haimfai mwanafunzi wa Iguhu. Yamtosha kununua betri iliyoundwa kwingine. Nayakataa maneno hayo. Katika miaka ya 1930 wageni walichimba dhahabu ya Kakamega wakaenda nayo. Baadaye shaba ya Kilembe, Uganda, ikapita kwa reli nchini mwetu kwenda Mombasa. Tulitazama tu.

Choma waya wa shaba nyekundu: weusi uufunikao ndio oksidi ya shaba. Gramu yake moja, kwa hesabu ya kemia, yaweza kushika umeme wa miliampea-saa 674. Grafiti itumikayo katika betri za leo hushika 372. Lakini ina ila kubwa: inyweapo lithiamu huvimba ikapasuka, na umeme hupita ndani yake kwa shida. Kwa hiyo wataalamu huifanya nyuzi nyembamba mno, zipimwazo kwa nanomita, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita, ipate nafasi ya kuvimba. Bado hawajaishinda ila hiyo. Basi kazi ingaliko!

Chuo Kikuu cha Masinde Muliro ki Kakamega, karibu nasi. Mwalimu wa kemia ana waya na moto. Na aanze hapo, muhula huu.