Muziki Masikioni, Mlima Mbele



Wazazi wenzangu na vijana wetu wanafunzi, Jumapili za siku isiyo na magari hapa Kigali, utaratibu ulioanza mwaka 2016, barabara hujaa watu wa siporo. Kijana wangu naye hutoka baada ya Alfajiri, akapanda kutoka Nyamirambo kuelekea mlima Kigali, spika za masikioni zikivuma. Nilipomshauri aziache nyumbani alinijibu kwa adabu: "Baba, bila muziki mlima huu siuwezi."

Sikumjibu kwa hasira. Nilikwenda kusoma kwanza.

Tuwe wakweli: muziki una athari. Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, ameuchunguza kwa miaka mingi. Katika mazoezi ya wastani, mwenye kusikiliza huona kazi ni nyepesi kuliko ilivyo, akadumu zaidi. Akili inashughulishwa, haisikii sana malalamiko ya miguu. Tena mapigo ya wimbo huziongoza hatua. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alipovunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 ndani ya ukumbi, Birmingham mwaka 1998, aliomba wimbo wa "Scatman" upigwe kwa kuwa mapigo yake yalilingana na mwendo wake.

Tukiwaambia watoto kwamba faida hiyo haipo, watatuona waongo. Hata pombe na kamari, Qur'ani (2:219) imetaja kwamba zina manufaa kwa watu, kisha ikabainisha kwamba dhambi yake ni kubwa zaidi. Sisemi muziki ni sawa na pombe. Nasema adabu ya Qur'ani ni kusema ukweli wote.

Na ukweli wote una upande wa pili. Mazoezi yanapokuwa makali, pumzi zikapanda hadi huwezi kumaliza sentensi, ishara za mwili huushinda wimbo. Muziki huweza kukuchangamsha kidogo, lakini uchovu hauufichi tena. Yaani pale kijana anapodhani anauhitaji mno, ndipo nguvu yake inapopungua. Aliyeupanda mlima ni yeye, kwa moyo na mapafu aliyopewa na Mola wake.

Tena mwanafunzi mwenye ndoto ya kushindana ajue kwamba kanuni za riadha za kimataifa haziruhusu mkimbiaji kubeba redio, simu wala chombo cha muziki mashindanoni. Aliyezoea kukimbia kwa wimbo, siku hiyo atakimbia na nani?

Kinachobaki ni mapigo, na mapigo hayahitaji spika. Waislamu tunalijua hili zamani. Anjasha alikuwa akiwaongoza ngamia kwa sauti yake nzuri, nao wakaongeza mwendo, hadi Mtume (s.a.w.) akamwambia awe mpole kwa wale waliopandishwa, akiwafananisha na vyombo vya kioo. Na katika kuchimba handaki la Madina, mwaka wa 5 Hijria, Masahaba walifanya kazi kwa njaa na baridi huku wakiimba mashairi, na Mtume (s.a.w.) akiitikia pamoja nao. Sauti za wenzako zinakupa mapigo, zinakupa na udugu. Spika za masikioni zinakupa mapigo, zikakutenga na aliye kando yako.

Kuhusu hukumu, wengi wa wanavyuoni wamekataza ala za muziki, na wako waliotofautiana nao, kama Ibn Hazm. Muulizeni sheikh wenu. Lakini nionavyo mimi, kijana hana haja ya kuingia katika jambo lenye shaka kwa kudhani hawezi mazoezi bila hilo.

Wengine huweka kisomo cha Qur'ani badala ya nyimbo. Nia ni njema, ila aya ya 7:204 inatutaka tusikilize na tunyamaze isomwapo. Anayehema kwa nguvu na kuhesabu hatua atasikiliza vipi? Heri dhikri fupi ulimini, na kisomo kingoje wakati wa kutulia.

Na masikio ni amana. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti isizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Barabarani vijana hupandisha sauti ili kuzishinda kelele, na siku za kawaida pikipiki inayokuja nyuma haisikiki.

Basi nilimwambia kijana wangu: Jumapili ijayo tutapanda wote. Tulipanda. Nilibaki nyuma sana, naye alinisubiri juu, hana kitu masikioni, akanipokea kwa kicheko. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.). Nasi tusione haya kukimbia na watoto wetu, huenda sauti wanayoihitaji ni yetu.

Wabillahi tawfiq.